Mahari Isiyo na Fahali

Wageni walikataa maziwa.

Persis alikuwa ameyachemsha mwenyewe asubuhi ile, akayamimina katika zile glasi ambazo hazikutoka kabatini ila kwa mchungaji na kwa wakwe. Chai haikuwa na njia ya kuingia nyumba ile. Manasseh Ombati na mkewe walikuwa Wasabato wa kweli. Majani ya chai waliyachuma na kuyauza, lakini hawakuyaonja. Mgeni wao alikunywa maziwa, na hakuna aliyewahi kulalamika, kwani maziwa ya Persis yalisifika kutoka Nyansiongo mpaka Keroka. Sasa Machogu wa Ratemo, aliyekuja kutoka Mosocho kukagua ng'ombe wa mahari ya binti yake, aliisukuma glasi kwa kidole kimoja hadi katikati ya meza.

"Tumeshiba," alisema.

Wameshiba! Watu waliopanda basi alfajiri, wakashuka Keroka na kumalizia safari kwa miguu! Angwenyi, jamaa wa ukoo aliyeletwa kwa sababu ya jicho lake kali la ng'ombe, aliitazama glasi yake, akameza mate, kisha akaisukuma kama mkubwa wake alivyofanya.

Persis aliona hayo. Alisimama mlangoni na trei yake, uso umemwiva. Katika nchi ya Wagusii mtu hakatai chakula cha mkwe hivihivi. Akikikataa, ana neno.

Neno lilikuja.

"Ng'ombe tumewaona," Machogu alianza. "Wana viwele, wana migongo. Lakini katika kundi zima sikuona fahali."

Manasseh alikohoa. Alikuwa mtu mrefu, mpole, mzee wa kanisa, mwenye sauti nzuri ya kuombea wagonjwa na isiyofaa kabisa kwa mabishano. "Huku kwenye skimu, omogaka, mzee mwenzangu, fahali hawaruhusiwi. Tulipopewa haya mashamba ya wazungu tuliambiwa hivyo. Wala ng'ombe wa kienyeji hawaruhusiwi. Ni hawa wa gredi tu, wa damu ya kizungu."

"Na ndama wanatoka wapi?"

Hapo Manasseh alikwama. Wagusii wana chinsoni, ile aibu ya heshima iliyowekwa kati ya mzazi na mtoto na kati ya wakwe na wakwe; mambo ya uzazi hayatajwi mbele yao, hata yakiwa ya kuku. Na pale palikuwa na mkwe mtarajiwa, mke mlangoni, na kijana mwenyewe wa kuoa, mwanawe Nyangau, mwalimu wa shule ya msingi, ameketi kwenye kibao akiangalia viatu vyake. Manasseh angeanzia wapi? Aseme kwamba mtu wa serikali huja na gari mpaka kwenye kibanio cha miti kando ya barabara, akavaa mpira hadi begani, kisha...?

"Kuna mtu huja," alisema. "Ana chupa."

"Chupa ya nini?"

"Ya... ni dawa. Dawa tu. Ng'ombe akipewa, anashika mimba."

Machogu alimgeukia Angwenyi polepole. "Umesikia? Ng'ombe wa dawa."

"Nilisikia watu wakisema," Angwenyi alijibu, "lakini nilidhani ni mzaha wa kilabuni."

Tusimwonee Machogu. Hakuwa mjinga wala hakuwa mchoyo. Alikuwa mtu aliyekwisha kuumwa. Miaka miwili nyuma alinunua mahindi ya haibridi dukani, yale waliyoambiwa ndiyo mahindi ya Uhuru. Yakaota kama msitu, magunzi makubwa kama mkono wa mtu, na majirani wakaja kuyashika. Machogu akafanya kama walivyofanya baba zake wote: akachagua yale makubwa kupita yote, akayatundika juu ya meko yapate moshi, akayatunza kama mboni ya jicho. Msimu uliofuata akayapanda. Yaliyotoka yalikuwa ya aibu. Jingine refu, jingine fupi, na magunzi yenye mapengo kama kinywa cha kizee. Bwana shamba alipoulizwa alicheka. Mbegu hiyo hairudiwi, alisema, kila mwaka lazima ununue mpya. Mosocho nzima ilicheka pamoja naye.

Machogu aliyasimulia hayo yote pale mezani, bila kuficha kicheko cha majirani.

"Kitu cha kwanza huwa kizuri," alimaliza. "Kinachokuja baada yake ndicho kinachokuumbua. Na mimi ng'ombe hawa sitaki wa kula, Manasseh. Mwanangu ataoa nao. Wajukuu wangu wataoa na ndama zao. Nikipeleka kwa watu ng'ombe waliotoka kwenye chupa, wazae vitu visivyojulikana, nitauficha wapi uso wangu? Niletee ng'ombe waliozaliwa na ng'ombe, na fahali wao. Nangoja mpaka Jumapili ya wiki ijayo. Nyamweya wa Tabaka, yule wa mawe ya kuchonga, ameulizia binti yangu Bitutu kwa ajili ya mwanawe. Boma lake limejaa, na fahali wanapigana humo usiku kucha."

Nyangau akainua uso kwa mara ya kwanza. Hakuna aliyemtazama.

Wageni walipoondoka, glasi zilibaki mezani zimejaa, na utando umeganda juu.

* * *

"Dawa?" Persis aliuliza.

Manasseh alikuwa akijifanya kutengeneza bawaba ya mlango.

"Baba Nyangau, nakuuliza. Umewaambia watu wa Mosocho kwamba ng'ombe wangu wanakunywa dawa?"

"Ulitaka niseme nini? Mbele ya mtoto? Mbele yako?"

"Mimi ndiye hushika mkia pale barabarani! Miaka yote hiyo, nani humshika ng'ombe mtu yule akifanya kazi yake? Wewe huwa umekimbilia kwenye miwa!"

Hilo lilikuwa kweli. Gari la yule mtu likionekana kilimani yeye hukumbuka shughuli nyingine. Persis ndiye aliyemjua ng'ombe anayehitaji kupelekwa, ndiye aliyempeleka, ndiye aliyeandika tarehe ukutani kwa mkaa. Kundi lile lilikuwa lake kwa kila namna isipokuwa jina. Kumkataa ng'ombe wake mmoja ilikuwa kumkataa yeye, na alisikia uchungu wake kifuani kama mtu aliyeambiwa mbele ya kanisa kuwa ananuka.

"Mimi nitaenda kumchukua Bitutu," Nyangau alisema. "Amekubali. Watu wengi wanafanya hivyo. Mahari itafuata baadaye."

"Utaiba mtu?" Persis alimgeukia. "Mwalimu mzima? Ukimleta hapa bila ng'ombe, siku mtakapogombana atakuwa mgeni nyumbani mwake, na watoto wenu watakuwa watoto wa Mosocho. Mimi sitaki mkamwana wa kupita njia. Nataka ng'ombe wangu waende, wahesabiwe, na Machogu aseme asante."

"Na asipotaka?"

"Atataka."

Alisema hivyo kama mtu anayesema kesho ni Alhamisi. Mwanawe alimtazama akijaribu kuona anakoutoa uhakika huo, asione. Ukweli ni kwamba hata Persis hakujua bado. Alijua tu kwamba ng'ombe wake walikuwa wazuri, na kwamba jambo zuri halikosi mlango.

* * *

Manasseh naye alikuwa na mpango wake, na kama ilivyo mipango mingi ya watu wapole, aliufanya bila kumwambia mtu. Aliondoka kwenda kwa binamu zake, huko walikotoka kabla ya skimu, na siku ya tatu alasiri akaonekana akipanda barabara na fahali.

Alikuwa fahali wa kienyeji hasa, mweusi, nundu imelala upande, pembe zimechongoka. Kila hatua alisimama kuvuta harufu, maana bonde zima lilikuwa limejaa majike ambao hawakuwahi kumwona fahali. Watoto walimfuata. Kina mama waliacha majembe. Tangu wazungu walipoondoka hakuna fahali aliyepita barabara ile, na sasa anavutwa na nani? Na mzee wa kanisa!

Persis alikuwa ameshafika langoni. Alisimama katikati, mikono kiunoni, leso imefungwa kwa nguvu.

"Huyo hapiti," alisema.

"Ni wa kuazima," Manasseh alihema. "Ni wa siku chache tu. Tunampeleka Mosocho pamoja na wale wengine. Machogu aone fahali, moyo wake utulie."

"Mgeuze nione tumbo."

"Mama Nyangau..."

"Mgeuze."

Hakuhitaji kugeuzwa. Kupe walionekana kutoka pale langoni, wamejipanga chini ya mkia na ndani ya masikio, wamevimba kama mbegu za mbarika. Ng'ombe wa kienyeji huishi nao. Wa gredi akiumwa na wale wa ugonjwa wa homa, huvimba tezi, hupumua kwa taabu, na kabla ya wiki mbili kwisha unachimba shimo.

"Unataka Machogu ahesabu ngozi?" Persis aliuliza. Hakupaza sauti, na hilo lilikuwa baya zaidi, kwani majirani walisogea ili wasikie. "Na kesho ofisa wa skimu akija kuuliza nani amevunja sheria, utamwambia nini? Kwamba na huyu ni dawa?"

Jirani mmoja alicheka. Manasseh alisimama pale barabarani, kamba mkononi, koti lake zuri limejaa vumbi na mate ya ng'ombe. Alikuwa amemvuta mnyama yule siku nzima kwa sababu alimpenda mwanawe na hakujua njia nyingine. Persis aliliona hilo na moyo ukamwuma, lakini hakutoka langoni.

"Nilitaka kutengeneza," alisema Manasseh chini chini. "Nilikosea kusema dawa. Nilitaka kutengeneza."

"Najua. Mfunge ule mti wa ng'ambo, mbali na malisho. Kula kwanza. Asubuhi mrudishe." Kisha akamkaribia, akampangusa koti kwa upindo wa leso mbele ya watu wote. "Mosocho nitaenda mimi."

"Mama wa kijana haendi kujadili mahari! Tangu lini?"

"Tangu baba wa kijana alipokosa ulimi."

* * *

Waliondoka alfajiri, Persis na Nyangau, wakiwa na ng'ombe watatu na ndama mmoja. Mbele alikuwa Deizi, jike zee la rangi ya maziwa na kahawia lililonunuliwa kutoka kwa mzungu aliyekuwa akifunga masanduku. Nyuma yake binti yake. Nyuma ya binti, mtamba aliyezaliwa na binti huyo, tumbo tayari limeanza kushuka. Kando yao alikimbia ndama dume, mzaliwa wa mwisho wa Deizi, aliyekuwa auzwe kwa mchinjaji mwezi ule. Wote walikuwa wametoka joshoni, wananuka dawa ya kupe.

Walilala kwa dada yake Persis ng'ambo ya Keroka. Kesho yake walipita mjini Kisii katikati ya watu, na wenye maduka walitoka vibarazani kuuliza viwele vile vinaelekea wapi. "Kwenye harusi," Persis aliwajibu, bila kupunguza mwendo. Nyangau alitembea nyuma, kalamu yake ya mwalimu bado mfukoni mwa shati, akiona aibu na fahari kwa pamoja.

Mosocho walimkuta Machogu uani kwake, na Angwenyi, wakinoa mapanga. Mkewe Machogu alitoka jikoni, akaona mama mkwe mtarajiwa ameshika kamba, akarudi ndani haraka kwa kuchanganyikiwa. Jambo kama lile hakujua hupokewa vipi.

"Manasseh amekufa?" Machogu aliuliza. Kwa kweli hakuona sababu nyingine.

"Mzima, anakusalimu. Nimekuja kwa sababu ng'ombe ni wangu na uongo ulikuwa wake." Persis hakungoja kukaribishwa. "Omogaka Machogu, uliniambia ya mahindi, nami nikayasikia. Ya mahindi siyawezi kuyajibu, hata mimi yalinifanyia hivyohivyo. Lakini tazama. Huyu ni Deizi. Huyu wa pili alizaliwa kwa njia ya chupa. Huyu wa tatu naye kwa njia ya chupa, na ni mtoto wa huyo wa pili. Ni wapi alipopungua? Mshike kiwele. Mpime kifua. Angwenyi, wewe una jicho, sema."

Angwenyi alizunguka mara mbili. Alibonyeza, alivuta ngozi, alifungua kinywa cha mtamba na kuchungulia meno. Alitamani kupata kasoro, ikamkwepa.

"Huyu mdogo ni bora kuliko nyanyake," alisema mwishowe, kwa shida, kama mtu anayetoa jino.

Bitutu alikuwa ametoka nyuma ya nyumba na ndoo ya maji. Hakumtazama Nyangau. Hakumtazama baba yake. Aliweka ndoo mbele ya Deizi, na ng'ombe akaanza kunywa. Kila mtu pale uani alijua maana ya kumpa maji ng'ombe ambaye baba hajamkubali, na Machogu alijua kuliko wote.

"Bitutu, nani amekutuma?"

"Wana kiu, tata," alimjibu baba yake, akaenda kuleta ndoo nyingine.

"Sawa," Machogu alisema, akiweka panga chini. "Hawapungui. Nimeona kwa macho yangu, sitabisha. Lakini bado ni ng'ombe wa dawa."

"Dawa gani?"

Sauti ilitoka chini ya upenu. Mokeira, nyanya yake Machogu, alikuwa ameketi pale juani kwenye ngozi yake tangu asubuhi, mdogo, amekunjamana, macho yamepata ukungu lakini masikio mazima. Ndiye aliyemlea Machogu. Ardhi yote pale ilikuwa imeitwa kwa jina la nyumba yake, na hata sasa hakuna kuku aliyechinjwa bila yeye kuambiwa.

"Magokoro, nyanya yangu, haya ni mambo ya..." Machogu alianza.

"Nimeuliza, ndani ya chupa kuna nini? Mwanamke, njoo hapa unieleze. Mimi chinsoni iliniisha pamoja na meno."

Persis akapiga magoti kando ya ngozi. Alihisi mwanawe nyuma yake, na baba wa msichana pembeni, na masikio yakamwaka moto. Lakini alikuwa ameshatembea siku mbili.

"Ni mbegu ya fahali, mama," alisema kwa sauti ya kusikika. "Si dawa. Kuna fahali wakubwa wa serikali wanaokaa mbali, kule upande wa Nairobi. Mbegu yao huwekwa kwenye chupa, ikaletwa kwa gari, na yule mtu humwekea ng'ombe kwa mkono."

Angwenyi aligeuka akatazama migomba. Nyangau alitazama mawingu. Mokeira alitikisa kichwa taratibu.

"Kumbe fahali yupo."

"Yupo, mama."

"Na wewe umemwona?"

"Sijamwona. Hakuna aliyemwona kwetu."

"Ndiyo hiyo!" Machogu alirukia. Sasa alikuwa amepata pa kushika, na sauti yake ilipanda. "Fahali asiyeonekana! Nitakapowapeleka ng'ombe hawa kuoa, wazee watauliza ni uzao wa fahali gani, wa boma la nani. Niseme nini? Kwamba baba yao alipita kwa gari? Magokoro, ng'ombe asiyejulikana baba ni ng'ombe wa njiani. Siwezi kumtoa Bitutu kwa ng'ombe wasio na baba!"

Mkewe Machogu aliacha kukoroga sufuria jikoni.

"Machogu," alisema Mokeira. "Baba yako ni nani?"

"Magokoro..."

"Nimekuuliza mbele ya wageni, nijibu mbele ya wageni. Wewe ni Machogu wa nani?"

"Wa Ratemo."

"Na Ratemo umemwona?"

Machogu alianza kuokota panga lake, akaliacha.

"Hukumwona, kwa sababu hata mimi sikumwona," alisema kikongwe, na hakukuwa na ukali katika sauti yake, alizungumza kama anayemsimulia mtoto. "Nilizaa mabinti watupu. Mume wangu akafa. Shemeji zangu wakaanza kulipima shamba langu kwa miguu, nikiwa nimeketi hapahapa nawatazama. Binti yangu wa kwanza alipoolewa, nikachukua ng'ombe wa mahari yake, nikaenda kwa watu, nikaoa. Mimi, mwanamke, nilioa. Wakaniuliza, unamwolea nani? Nikawaambia, namwolea mwanangu Ratemo. Hakuna mzee aliyesema Ratemo hajazaliwa. Walihesabu ng'ombe, wakaona wametimia, wakanipa mama yako. Akaja katika nyumba hii, akakuzaa."

"Watu wote wanajua hayo," Machogu alinong'ona. "Lakini hayasemwi."

"Hayasemwi kwa sababu hayana ubaya, si kwa sababu yana aibu. Aliyekuwa akipita kwa mama yako jioni sikumwuliza jina. Hata angekuja kwa gari nisingemwuliza. Ulipotahiriwa, ulisimama na wenzako ama hukusimama? Shamba hili ulipolichukua, kuna mdomo uliofunguka? Ulipooa, watu walikukatalia binti yao kwa sababu Ratemo haonekani? Wewe si wa njiani, mwanangu. Wewe ni wa nyumba yangu kwa sababu ng'ombe wangu walitoka wakaenda. Leo nani amekufundisha kumtafuta aliyepita, ukamwacha aliyelea?"

Machogu aliketi. Aliketi juu ya jiwe la kunolea, akashika kichwa, na mabega yake yakatikisika. Angwenyi aliinuka ili amshike, kisha akaona heri asifanye hivyo. Katika maisha yake yote Machogu alikuwa ametembea kwa tahadhari kuzunguka jina lile la Ratemo kama mtu anayekwepa shimo gizani. Alikuwa mkali wa ukoo kuliko wenye baba wanaoonekana. Na sasa shimo lilikuwa limemulikwa mchana kweupe, mbele ya wakwe, na halikuwa na kitu ndani.

"Umenivua nguo, Magokoro," alisema.

"Nimekuonyesha uliyovaa."

Persis alikuwa bado amepiga magoti. Machozi yalikuwa yakimtoka na hakuyafuta. Alitaka kusema kitu juu ya ng'ombe wake, akaona limekwisha kusemwa vizuri kuliko angeweza, kwa hiyo akalifanya lililobaki. Alisimama, akachukua kamba ya ndama dume kutoka kwa mwanawe, akaileta mpaka kwenye jiwe.

"Ulitaka fahali, omogaka," alisema. "Kwetu huyu angekuwa nyama. Hapa kwako hakuna sheria ya skimu. Mpeleke joshoni kila wiki, mlee, mwaka ujao utakuwa na fahali ambaye Nyamweya wa Tabaka atakuja kumwomba kwa magoti. Hao wengine wa mahari wataletwa na mume wangu, kwa heshima zote, siku utakayosema. Yeye ndiye mwenye kuleta. Mimi nilikuja kusema tu."

Ndama alinyoosha shingo, akaanza kulamba mkono wa Machogu kwa sababu ya chumvi. Ulimi ulikuwa kama msasa. Machogu alimwacha alambe kwa muda, kisha akaichukua kamba.

"Mwambie Manasseh aje Jumapili," alisema. Akakumbuka, akasafisha koo. "Hapana. Jumamosi ni Sabato yenu, hamtembezi ng'ombe. Aje Jumatatu. Na aje na ulimi wake."

Nyangau alicheka, akajizuia, akashindwa. Ndani ya jikoni sauti mbili za wanawake zilianza kupiga vigelegele kabla hazijaruhusiwa, na moja ilikuwa ya Bitutu.

Watu wa Mosocho ni watu wa Mosocho. Habari zilifika sokoni kabla jua halijazama, na asubuhi ya pili kulikuwa na kundi limeegemea ua wa Machogu, wamekuja kumwona ndama wa chupa. Walimtazama kwato, wakatazama masikio, wakatafuta alama ya kiwanda. Machogu alikuwa akimkatia majani. Mmoja wao, ambaye kicheko chake cha mwaka ule wa mahindi kilikuwa kikubwa kuliko cha wote, alitema mate pembeni, akauliza kwa sauti ili wenzake wasikose:

"Sasa, Machogu, baba yake huyu ni nani?"

Machogu hakuacha kukata majani.

"Ni mimi," alisema.